KUYAZUIA MAJI YA MVUA YASITOKE SHAMBANI
Mafundisho kwa wakulima wa Runzewe



Siku ya mvua kubwa simama mlangoni pa nyumba yako uitazame njia. Utaona maji mekundu yakiteremka kwa kishindo, yamechukua majani makavu, samadi, mchanga, na pengine mbegu ulizopanda juzi. Baada ya saa moja jua latoka na njia imekauka. Majuma mawili yakipita bila mvua nyingine, mahindi yaanza kujikunja majani, nawe wasema, "Mwaka huu mvua imetunyima."

Je, ni kweli imetunyima? Tuhesabu pamoja. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Ekari moja ina meta za mraba 4,047. Mvua ya inchi moja, yaani milimita 25, ni mvua ya alasiri moja tu katika nchi yetu. Nayo yaleta katika kila ekari lita zaidi ya 100,000. Ukiyapima kwa ndoo ya lita 20, ni ndoo 5,000. Mama akienda kisimani mara nne kila siku, pasipo siku ya kupumzika, itampasa kufanya kazi hiyo zaidi ya miaka mitatu ili alete shambani maji yaliyoletwa na alasiri ile moja. Basi ikiwa nusu yake ilikimbilia bondeni, wewe mwenyewe umepoteza ndoo 2,500 kwa kila ekari, wala hukuona hasara kwa sababu hakuna aliyekudai.

Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kwisha Mei, na katikati, Januari au Februari, huja kiangazi kifupi. Kiangazi hicho ndicho kiuacho mahindi yakitaka kutoa mbelewele. Shamba lililokunywa maji ya Desemba laweza kuvuka majuma hayo. Shamba lililoyaacha yapite haliwezi. Mafundisho haya yahusu jambo hilo moja: namna ya kulinywesha shamba maji yake lenyewe.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tuishio Runzewe, ama sisi wenyewe ama wazazi wetu, tulihamia hapa. Tuliwakuta Wasumbwa na msitu wao, na asali yao, na visima visivyokauka. Sisi tulitoka Maswa, Shinyanga, Kwimba na kwingineko, tukiswaga ng'ombe mbele yetu, kwa kuwa nchi tuliyoiacha ilikuwa imechoka. Hadi 2012 Runzewe ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga, na sasa imo katika Mkoa wa Geita. Lakini mipaka ya mikoa haizuii ukame usihame pamoja na watu.

Yafaa tukumbuke jinsi Shinyanga ilivyokauka, maana halikuwa jambo la siku moja, wala halikufanywa na watu wabaya. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mikubwa ilikatwa huko ili kuwafukuza mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe. Ng'ombe walipona, wakaongezeka. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, kuni zikatakiwa, na miti ikaondoka hata vilimani. Mvua ikakuta ardhi tupu iliyokanyagwa na kwato, ikateleza juu yake kama maji juu ya sahani. Wazee hawakuwa wajinga. Kila mmoja alifanya jambo lililomfaa mwaka ule.

Sasa tazama hapa Runzewe. Twakata miti kwa ajili ya mashamba, kwa mkaa, kwa kukausha tumbaku, na kwa nguzo za maduara ya dhahabu. Tukiifanya nchi hii kama tulivyoifanya ile, tutahamia wapi? Upande wa kusini kuna hifadhi ya Kigosi, nako si mahali pa kulima. Hapana budi kukaa na kutengeneza.

JICHO HALIPIMI MAJI

Kazi ya kwanza ni kuujua mstari wa usawa, yaani mstari unaokata mteremko wa shamba bila kupanda wala kushuka. Kila mtaro na kila tuta sharti lifuate mstari huo. Wakulima wengi huniambia, "Mwalimu, mimi shamba langu nalijua, naona kwa macho." Nami huwajibu kwa kuwaeleza aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mzee mmoja aliniomba nimpimie mtaro. Kipimo nilikuwa nimekiacha nyumbani, na jua lilikuwa linatua. Nikaona haya kumwambia arudi kesho, nikapima kwa macho. Mtaro ukachimbwa, ukapendeza. Katika Januari ikanyesha mvua ya usiku kucha. Mtaro ule ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja, kidogo ambacho jicho halikukiona, na maji yote ya shamba yakakusanyika katika pembe ile, yakapasua ukingo, yakaingia shamba la mama mjane aliyelima chini. Mahindi yake ya kimo cha magoti yaliondoka nusu ekari pamoja na udongo. Asubuhi alinitazama akasema, "Maji ya watu wote umeniletea mimi, Mwalimu." Hakupaza sauti. Nilimlipa magunia mawili ya mahindi kutoka shambani kwangu, lakini udongo sikuweza kumlipa, na korongo lile lingalipo.

Tangu siku hiyo sichimbishi mtaro bila kipimo, hata kama mwenye shamba amekasirika.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Twaa miti miwili iliyonyoka, kila mmoja futi saba. Ifunge pamoja juu kwa kamba ya katani au kwa msumari, uitanue miguu hata iwe mbali futi sita, kisha funga mti wa tatu katikati ukiikata ile miwili, kwa mfano wa herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe zito kidogo, nao upite mbele ya ule mti wa katikati.

Kabla ya kukitumia sharti ukiulize kama ni cha kweli. Kisimamishe, weka alama ardhini palipo miguu yake miwili, na tia alama juu ya mti wa katikati mahali uzi unapogusa. Kisha kigeuze, mguu wa kulia uende palipokuwa wa kushoto na wa kushoto uende palipokuwa wa kulia, ukatie alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili, katikati kabisa, kata alama ya kisu. Uzi ukisimama juu ya alama hiyo ya kisu, miguu yote miwili iko katika usawa mmoja. Siku ya upepo usipime. Uzi hucheza nawe ukasoma uongo.

Sasa nenda shambani, anzia juu. Piga mambo wa kwanza, weka mguu mmoja wa kipimo hapo, na mguu wa pili uusogeze juu au chini hata uzi utulie juu ya alama. Piga mambo wa pili. Zungusha kipimo, endelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Utastaajabu, maana mstari utapinda mahali ulipodhani ni tambarare. Ukiona mambo mmoja umetokeza sana kuliko wenzake, usiufuate kama mtumwa. Huenda ulisimama juu ya kichuguu kidogo. Lainisha mstari kidogo, kisha upime tena mahali pale.

MTARO NA UKINGO

Juu ya mstari huo chimba mtaro, upana futi mbili na kina futi mbili. Ukiutupa udongo upande wa juu, watu huita fanya juu. Ukiutupa upande wa chini, huita fanya chini. Majina hayo yamekwenda mbali, hata wataalamu wa Ulaya huyatumia katika vitabu vyao bila kuyafasiri. Katika nchi ya Machakos, Kenya, wakulima wametengeneza milima mizima kwa fanya juu, na mteremko umekuwa ngazi kwa ngazi. Kwa Runzewe, penye mteremko mdogo na udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, mimi napendelea fanya chini, kwa sababu ni kazi nyepesi na udongo haurudi upesi ndani ya mtaro. Mahali penye mteremko mkali, fanya juu.

Kwa vyovyote acha nafasi ya futi moja kati ya mtaro na ukingo. Ndani ya mtaro, kila baada ya hatua tano au sita, acha kizuizi cha udongo usiochimbwa kilicho chini kidogo ya midomo ya mtaro, ili maji yasikimbie ndani yake na kukusanyika mahali pamoja kama yalivyonifanyia mimi. Kati ya mtaro na mtaro acha hatua 20 hadi 30 kwenye mteremko mdogo, na pungufu ya hizo penye mteremko mkali. Juu ya ukingo panda majani ya tembo au vetiva mara mvua zinapoanza. Ukingo usio na majani hauponi mwaka wa pili.

Watu huniuliza, "Mtaro wala ardhi, nami nina ekari mbili tu, je, si hasara?" Ni kweli wala ardhi kidogo. Lakini majani ya ukingoni ni chakula cha ng'ombe na mbuzi, na katika mtaro wenyewe migomba na mipapai hustawi, maana ndipo palipo na maji. Tena wako wanaolima shamba la kukodi, nao wasema, "Nikimchimbia mwenye shamba, mwakani atanyang'anya." Hofu hiyo si upuuzi, nimeona ikitokea. Kwa hiyo usichimbe kwanza na kuzungumza baadaye. Nenda na mwenye shamba mbele ya ofisi ya kijiji, muandikiane kwamba utalima misimu kadhaa, ndipo ushike jembe.

MATUTA YALIYOFUNGWA

Kulima kwa matuta si jambo geni kwetu. Lakini tuta linaloteremka na mteremko ni mfereji wa kuyakimbiza maji, na hata tuta lililofuata usawa huyaacha yatembee mferejini. Dawa yake ni kulifunga: kila baada ya hatua mbili au tatu, vuta udongo kwa jembe ukafanye kizuizi katika mfereji kati ya tuta na tuta. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta. Mvua ikizidi, maji yapite juu ya kizuizi, yaende mferejini polepole, wala yasilipasue tuta. Hiyo ndiyo siri yote, na wengi huikosa kwa kujenga vizuizi virefu kama matuta.

Jambo hili lilijaribiwa katika kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kabla ya 1950, likaonekana lafaa kwa pamba na nafaka katika miaka ya mvua haba. Lakini baadaye, katika miaka ya 1950, Wasukuma walilazimishwa kwa amri na kwa faini, pamoja na amri nyingine nyingi juu ya ng'ombe na mashamba. Watu wakaichukia amri, na chuki ikaliangukia tuta. Wazee walipata kuniambia kwamba kufunga matuta ni kazi ya kifungoni. Tuta halikuwa na kosa. Leo hakuna akulazimishaye; jaribu mistari kumi tu, uilinganishe na mistari kumi mingine iliyo kando yake.

Neno la tahadhari: usifunge matuta katika mbuga ya udongo mweusi. Huko maji hukaa yenyewe, ukiyazuia mizizi itaoza. Katika itogolo, penye tabaka gumu chini, funga mstari mmoja na kuacha mmoja.

Mwenye ardhi iliyochoka sana, ngumu, isiyokubali tuta, na achimbe mashimo badala yake. Wakulima wa kijiji cha Chololo karibu na Dodoma hufanya hivyo: shimo la upana wa shubiri moja, kina cha futi moja, futi mbili kati ya shimo na shimo, na futi tatu kati ya mstari na mstari. Tia samadi ndani, panda humo. Ni kazi nzito mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hupungua, maana mashimo yako tayari.

VISIKI VILIVYO HAI

Tuta na mtaro huyasimamisha maji, lakini mizizi ndiyo iyapelekayo chini. Wala usikimbilie kununua miche. Miti mingi ya miombo, kama mninga na mtundu, ikikatwa haifi. Kisiki chake hai ardhini, na kila mvua chatoa machipukizi, nasi kila mwaka twayafyeka tukiyaita magugu. Chagua kisiki, acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyoka na yenye nguvu, kata yaliyobaki, na ondoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha. Funga kitambaa ili mpalizi ajue. Baada ya miaka michache una mti, ambao mizizi yake ni ya zamani, wala haukutaka ndoo moja ya maji. Huko Dodoma kazi hii huitwa Kisiki Hai, na wakulima wenyewe hufundishana kijiji kwa kijiji. Nchini Niger, Afrika ya Magharibi, wakulima walianza namna hiyo katika miaka ya 1980, na mashamba yaliyopata miti tena ni mamilioni ya hekta.

Kwa malisho hatuna haja ya kufundishwa na wageni, kwa maana wazee wetu walikuwa na ngitili. Ni sehemu ya malisho iliyofungwa mvua zinapoanza, isilishwe mpaka kiangazi kimekolea. Ndipo hufunguliwa kidogo kidogo kwa ndama, wagonjwa na ng'ombe wa maziwa. Desturi hii ilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoitwa HASHI, nayo haikuleta jambo jipya bali iliifufua desturi. Mwanzoni ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600; kufikia 2004 zilikuwa zimepita 300,000. Miti ikarudi, nyuki wakarudi, na kina mama katika vijiji vingi wakapunguza safari ya kuni na maji. Walinzi wake hawakuwa askari wa mbali, bali dagashida na sungusungu, na faini waliijua wote. Ikiwa Shinyanga, iliyokuwa imekwisha kukauka, iliweza, Runzewe ambayo bado ina visiki yaweza kwa nguvu ndogo kuliko hizo.

CHINI BONDENI

Maji yaliyozama juu ya mteremko hutembea polepole chini ya mchanga, na kutokea bondeni baada ya miezi. Kwa hiyo kisima cha bondeni hutengenezwa mlimani. Usitazamie mwaka wa kwanza. Nakusihi usimwahidi jirani jambo hilo. Lakini usilime hata kwenye mdomo wa chemchemi, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji, wala usipande mikaratusi karibu nacho, kwani mti huo hunywa sana.

Na kwa kuwa tunaishi penye dhahabu, nina maneno mawili ya nyongeza. La kwanza, usielekeze maji ya shamba katika duara lililoachwa ukidhani umepata bwawa. Kuta hulainika, huporomoka, na watoto huchezea ukingoni. La pili, usichukue marudio ya karasha wala ya mialo kuwa udongo wa kujengea kingo, hata kama ni mepesi kubeba na yako karibu. Yana zebaki, na yaliyopitishwa dawa huwa na sumu nyingine tena. Ukiyaweka shambani, mvua ile ile uliyoizuia kwa jasho itaipeleka sumu katika kisima unachokunywa. Kijana wako akienda mialoni, asioshee dhahabu katika kijito mnachoteka.

KUJIFUNZA NA KUFUNDISHA

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Fanyeni kundi la kaya tano zilizo kwenye mteremko mmoja, mkaanze na shamba la juu kabisa, hata kama mwenye shamba hilo si mpenzi wenu. Kingo za chini zikitangulia, maji ya juu yatazivunja. Mwezi wa Juni ni mzuri, mahindi yamevunwa na udongo ungali na unyevu. Ukingoja Septemba utachimba jiwe. Hatua kumi kwa siku haziui mtu.

Katika kupima, aliyejifunza zamani ashike kipimo, na aliye mgeni asome uzi na kupiga mambo. Asomaye akikosea, msimcheke, mwulizeni tu apime tena kuanzia mambo wa nyuma. Kina mama wasiachwe nyumbani siku ya kupima, maana ndio wapaliliao, na mkono usioijua maana ya kizuizi utakilima bila kukusudia.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, usikae ndani. Chukua jembe, ufuate mtaro kutoka mwisho mmoja hadi mwingine wakati maji yangalimo. Mahali maji yalipojaa zaidi kuliko pengine, mtaro umeinama. Jaza udongo hapo chini. Mahali yalipopita juu ya ukingo, ongeza udongo na ushindilie kwa miguu siku ile ile, kabla ya mvua ya pili. Kisha teremka hadi kwa jirani wa chini, umpigie hodi, umwulize kama kwake kumeingia maji yoyote kutoka kwako.